Ndoo ya Maji kwenye Kona
Huu mwaka wa sita Rumen anamshikia mpimaji wa mistari ya barabarani kibao cha kusimamisha magari katika barabara za milima ya Rodopi, na bado hachoki kumtazama. Mpimaji hupiga magoti kwanza, akapapasa mstari mweupe kwa kiganja, akizitafuta chembe za kioo zinazorudisha mwanga wa taa machoni mwa dereva. Ndipo huweka kifaa cha kupimia mwanga huo, tena si pembeni palipo safi, bali pale pale panapokanyagwa na matairi. Jana asubuhi, kwenye kona ya korongo, kifaa kilisoma mia na sitini. “Si umeona? Tumefaulu!” akadakia msimamizi wa wapaka rangi, mume wa dada yake mpimaji, huku akimfungulia banitsa ya jibini, andazi la tabaka lingali la moto. Mpimaji akainua ndoo, akaumwagia mstari maji.

“Jua lote hili, shemeji, maji ya nini?”

“Ya mvua,” akajibu kwa sauti yake ya chini, macho kwenye saa.

Maji huachwa yatiririke dakika moja kamili, na dakika hiyo hata Rumen hathubutu kukohoa. Kifaa kikasoma kumi na tisa; kanuni inataka thelathini na tano mstari ukiwa umelowa. Mpimaji akaandika “Irudiwe” kwa mkono wa kulia, banitsa ikiwa mkono wa kushoto.

“Yaani hata mimi, shemeji?”

“Imenoga hii, mwambie dada asante,” akasema, akilamba vidole. “Na mvua ikinyesha kabla hujapaka upya, asipite hapa na lile gari lake la maziwa.”