Alimlilia Mtoto wa Kitabuni

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kurudi Kibondo na stashahada, tena ya ustawi wa jamii, na ada nilijilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo Mwanza. Watu husimama kuitazama nyumba yangu ya matofali ya kuchoma. Sikuzoea kushindwa.

Binti yetu mchanga alifariki kabla ya siku ya kumtoa nje kuonyeshwa majirani. Mama yangu alikuja kutoka Kasulu, akamzika alfajiri nyuma ya migomba, akamwambia mke wangu, "Mtoto ambaye hajatolewa nje halililiwi, mwanangu. Ukimlilia, tumbo litafunga, hutazaa tena." Hapakuwa na matanga. Mke wangu akarudi shambani.

Miezi ikapita bila chozi wala kicheko. Nilimwona anakauka. Chuoni nilifundishwa kwamba msomaji humlilia mtu wa hadithi kwa sababu huzuni ile haimdai kitu, kwa hiyo moyo hufunguka. Katika somo hilo niliongoza darasa zima. Nikanunua sokoni riwaya ya mama aliyefiwa na mwanawe wa kiume, nikawa namsomea mke wangu jioni barazani akipukuchua mahindi.

"Bwana Stashahada, leo umekuwa redio?" alinitania. Nikafurahi. Utani ulikuwa umetoweka nyumbani.

Tulipofika kwenye msiba alilia mpaka mahindi yakamponyoka. "Masikini! Nani anamtekea maji? Majirani zake wako wapi?"

Nikamshika bega. "Na wetu tumlilie, mke wangu."

Palepale akafuta uso kwa kanga. "Soma."

Kurasa zilipokwisha sikufunga kitabu. Nikaendelea kutunga kwa sauti ileile ya kusomea, macho kwenye karatasi tupu: yule mama akaenda nyuma ya migomba, akakaa juu ya udongo mwekundu, akamwita binti yake.

"Huyo si wa kitabuni," mke wangu akasema.

"Ni wetu. Mlilie. Mimi sijali tumbo likifunga."

"Leo hujali. Nikimaliza mwaka wa tatu wa ndoa bila mtoto, nani atafukuzwa hapa? Kitabu chako?"

Akabeba ungo akaingia ndani.

Sasa nikishika kitabu tu, yeye huondoka barazani. Kinachotokea moyoni mwake nakijua; ningeulizwa kwenye mtihani ningejaza kurasa, ningefaulu. Yeye anapika, ananitengea, kisha anakwenda kukaa jikoni peke yake.