Siku Saba Nilizopewa na Mzee

Siku yangu ya kwanza kwa Mzee, Myahudi niliyeajiriwa kumtunza, nilikoroga maziwa yake kwa kijiko cha nyama. Nyumba ya Kiyahudi inayoshika dini ina vyombo vya nyama na vya maziwa, na havioshwi kwenye karai moja. Mzee aliweka kikombe kando, akasema, "Usijali, mama. Marehemu mke wangu alinifukuza jikoni kwa kosa hilohilo."

Kutunza wazee majumbani ni kazi ya mwili. Unamfunga mtu mshipi mpana kiunoni, unakunja magoti, unamwinua kwa nguvu za miguu, si za mgongo. Nilianzia Landover, kitongoji cha Washington kule Marekani, nikapelekwa Falls Church, ndipo nikafika kwa Mzee.

Mwaka wa pili mume wangu alifariki. Tulimzika Jumamosi huku Woodbridge ninakoishi. Jumatatu nesi msimamizi wa kampuni yetu, Mkenya mwenzangu, akanipigia. "Pole sana, mama. Lakini kesho ni shifti yako, na sina mtu."

Nikaenda. Siku hiyo Mzee alitaka kuuona mtaa wa zamani wa Wayahudi, katikati ya Washington, alikozaliwa. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. "Hapa baba aliuza viatu," akasema. "Tulilala juu ya duka. Ijumaa, kabla jua halijazama, mama alishawasha mishumaa ya Sabato." Sasa dukani hapo wanauza saladi. Tukafika kwenye sinagogi dogo la matofali. "Hili limehamishwa zimazima mara tatu. Mji huu hata nyumba ya Mungu inapewa notisi ya kuhama."

Nilicheka kidogo. Asubuhi nilikuwa nimemwambia nimefiwa na mume. Akaniangalia. "Mumeo mlimzika lini?"

"Jumamosi."

"Na leo uko kazini?"

Akanieleza kwamba kwao mfiwa hukaa nyumbani siku saba kwenye kiti kifupi, hapiki wala haendi kazini. Anayekuja kumfariji hasemi mpaka mfiwa aanze. Kwangu watu walijaa, wakaimba, wakaomba, wakanishauri. Niliwashukuru, lakini sikupata nafasi ya kusema neno.

Mzee akanyamaza. Nilifunga breki za kiti, nikakaa kwenye ngazi za sinagogi. Tulikaa sana. Mwishowe nikasema, "Alipenda ugali mgumu." Kisha nikasema mengine.

Tuliporudi akampigia msimamizi. "Mama huyu haji siku saba. Binti yangu atanitunza."

"Mzee, sisi hatuna utaratibu huo."

"Mimi ninao."

Siku ya sita nilirudi. Mzee akanipokea mlangoni. "Umebakisha siku mbili."

"Nyumba imenishinda, Mzee. Kimya kile sikiwezi."

"Basi malizia hapa." Akanionyesha kigoda sebuleni. Binti yake akaniletea supu.

Sasa nimestaafu, na mgongo niliokuwa nauchunga umekwisha vilevile. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza namna ya kuinua mtu, nami nawafundisha. Halafu nawaambia: ukifiwa, kaa chini, msimamizi atapata mtu. Mimi nilikaa mbili tu kati ya zile saba nikihudumiwa, tena kwenye nyumba ya kazi. Ndipo nilipolia mara ya kwanza, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.