Nani Amewafundisha Kusema "Kinufiko"?

Debe lililojaa haliachi kuvuma.

Najua, najua. Wahenga walisema debe tupu. Lakini wahenga hawakuisikia albamu inayoitwa Masizi. Mimi nimeisikia, na hadi leo magego yangu hayajatulia.

Nawasimulia jinsi sauti ndani ya albamu hiyo ilivyotamka neno ambalo dunia nzima linajulikana na watu watatu tu.

Mmoja wao ni mimi.

Naandika kwenye ukurasa wa muziki mtandaoni. Si muziki wa mapenzi na viuno. Sisi tunaandika habari za metali nzito na mdogo wake mkorofi, muziki wa hadikoo (hardcore). Magitaa yanayokwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami, dramu zinazokimbizana, na waimbaji wanaonguruma badala ya kuimba.

Ndiyo, tupo. Ndiyo, na kwa Kiswahili pia. Tulia.

Kila mwaka unapokwisha tunapanga albamu kumi bora. Majaji ni watatu. Yupo Kamanda, mwenye ukurasa, mwanamke mpole ambaye mchana husafisha meno ya watu kliniki. Yupo Msumari, fundi sauti, mwenye mdomo mchafu na masikio safi. Halafu mimi.

Msiichukulie orodha ile kimasihara. Bendi ikishika namba moja inaitwa kwenye matamasha. Ikishika ya pili, wenyewe kwa wenyewe wanaanza kutafuta nani alipiga besi vibaya.

Na tuna sheria moja kubwa: ndugu hapangi ndugu. Ukiwa na ndugu kwenye albamu, unasema, unakaa pembeni, hupigi kura.

Sheria hiyo niliitunga mimi. Niliitunga baada ya Msumari kuipenyeza bendi ya binamu yake nafasi ya tano, bendi iliyokuwa inalia kama mlango uliokosa mafuta.

Msumari hakunisamehe.

"Sheria ni msumeno, dada," aliniambia. "Utakatwa wakati wa kurudi."

Basi mwaka huu ikatufikia Masizi. Bendi inajiita Kutu. Hakuna picha, hakuna majina, hakuna wanakotoka. Ujumbe ulisema tu: "Sikilizeni."

Nikavaa hedifoni zangu pale ofisini, chumba chetu kimoja juu ya duka la matairi.

Wimbo wa pili sikuumaliza nikiwa nimekaa.

Katikati yake vyombo vyote vinakatika ghafla, na mwimbaji anapiga ukelele mmoja: "KIMYAAAA!" Halafu kimya kweli. Kimya cha kukufanya uangalie nyuma yako. Kisha dramu zinarudi kama ukuta unaoanguka.

Wimbo wa nne unamsema dikteta mmoja mwenye masikio ya chuma, anayekaa kwenye kiti chake huku watu wanaita na yeye hageuki. Nikaandika kwenye uchambuzi wangu, kwa kiburi kabisa: "Sijui dikteta huyu ni nani, lakini nikikutana naye nitampindua kwa mikono yangu."

Shikeni sentensi hiyo. Mtaihitaji.

Tukapiga kura ya awali. Kamanda akaipa namba moja bendi fulani ya ng'ambo. Mimi nikaipa Masizi.

Na Msumari naye akaipa Masizi.

Hapo ndipo shaka ilipoanza kunitambaa shingoni.

Mimi na Msumari hatujawahi kukubaliana. Hata mvua ikinyesha, mmoja wetu atasema ni bomba limepasuka. Leo anakubaliana nami, tena anatabasamu?

"Umeipendea nini?" nikamuuliza.

"Kwani wewe umeipendea nini?"

"Nimeanza kuuliza mimi."

"Nami nimemaliza," akasema, akaendelea kula karanga zake.

Huyu ananitegea, nikajisemea. Nikarudi kwenye albamu na masikio ya mpelelezi. Nikaisikiliza tena, na tena, hadi wimbo wa sita. Na pale chini kabisa ya magitaa, nikalisikia.

"Kinufiko! Kinufiko kiko wapi? Nani kaficha kinufiko?"

Nikaurudisha wimbo nyuma, nikalisikia tena.

"Hapo anasema nini?" nikawauliza wenzangu, nikijitia sijui.

"Nadhani ni jina la pepo," alisema Msumari.

"Ni Kilatini," alisema Kamanda. "Kuna kitu kama hicho kwenye dawa za fizi."

Si pepo, wala si dawa ya fizi.

Nilipokuwa mtoto, ulimi wangu ulikuwa mzito. Nikishindwa kusema kifuniko, nilisema kinufiko. Mama akacheka, kaka akacheka, neno likakaa. Mpaka leo kwetu sufuria haina kifuniko. Ina kinufiko. Nje ya nyumba ile hakuna anayelijua. Tunaona haya kulisema mbele ya wageni.

Sasa liko kwenye albamu, linanguruma.

Watu watatu. Mimi sikuimba. Mama yangu ni mwalimu wa chekechea, mtu wa kuvaa soksi kwenye viatu vya wazi.

Akabaki kaka.

Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alipokuja nyumbani kula nikamkabili palepale mezani, kabla hajanawa.

"Kaka, unaimba siku hizi?"

"Mimi?" Akanicheka usoni. "Mimi kuimba? Hata wimbo wa shule nilikuwa nachezesha midomo tu."

"Nguruma kidogo nisikie."

"Una homa wewe?"

"Nguruma!"

Akajaribu. Wallahi, mbuzi aliyebanwa mlangoni ana sauti nzuri kuliko ile. Mama alitoka jikoni akauliza nani kaumia.

Na hapo nikaona. Mama aliuliza kwa sauti iliyokauka. Kikombe mkononi, maji ya moto na chumvi.

"Mama, sauti imekuwaje?"

"Vumbi la chaki," akasema, akageuka haraka.

Vumbi la chaki. Chekechea wanapaka rangi. Chaki ya nani?

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya mashaka. Nikaanza kuhesabu vitu ambavyo sikuwahi kuviona. Kila Jumamosi mchana mama anatoka, anasema anakwenda mazoezi ya kwaya. Anarudi mashavu yanang'aa, nywele zimelowa jasho. Kwaya gani inakutoa jasho hivyo?

Nikasema, huyu ana mwanamume. Si dhambi, baba alishatangulia siku nyingi. Lakini ana mwanamume mwanamuziki, na anampelekea maneno yetu ya ndani. Kinufiko chetu!

Nikakutana na mwalimu wa kwaya dukani, ananunua betri.

"Mama anaendeleaje na mazoezi?" nikamchokoza.

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hakukuambia? Tulimwomba apumzike tangu mwaka jana. Ile sauti yake... akifungua mdomo, wenzake wote wanapotea. Tulimweka mstari wa nyuma, tukamweka mlangoni, ikawa hivyohivyo."

Nilirudi nyumbani nimekaza meno.

Jumamosi mama alitoka, nami nikatoka. Alipita mtaa wa mafundi wa viatu, akapita kituo cha mafuta, akakata kona. Aliingia kwenye karakana ya kaka, mlango wa bati ukafungwa nyuma yake.

Ya kaka!

Nikasogea. Bati lilikuwa linatetemeka. Nikaliwekea kiganja, nikahisi dramu zinanipanda mkononi hadi begani.

Nikasukuma mlango.

Nyuma ya dramu, amekaa kaka yangu, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. Kwenye gitaa ni mlinzi wa shule ya chekechea, sare yake ya kazini na kofia juu. Na mbele yao, ameishika maiki kama mtu anayemkaba mwizi, yuko mama.

Alikuwa amefumba macho. Alipiga ukelele.

"KIMYAAAA!"

Vyombo vikakatika. Nami nikanyamaza, kama nilivyonyamaza maisha yangu yote nikiisikia sauti ile. Hata sikuwa nimesema kitu.

Mama akafumbua macho, akaniona.

"Umeingia kwa watu wazima," akasema, anahema. "Salamu iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga mlango, sauti inatoka."

Nikafunga. Nikamgeukia kaka kwa hasira zote.

"Uliniambia huimbi!"

"Siimbi. Umeniona naimba?" Akazungusha fimbo ya dramu. "Uliniuliza dramu?"

Mlinzi akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

"Mama," nikasema, "wimbo wa sita. Mwenzangu anasema kinufiko ni pepo."

"Pepo?" Mama akashangaa. "Pepo gani? Si kinufiko cha ile sufuria kubwa! Shangazi yako kakiazima, namuuliza kila siku, ananiambia kiko njiani. Kiko njiani kinatembea kwa miguu?"

"Na dikteta? Yule wa masikio ya chuma ni nani?"

Kaka alitazama dari. Mlinzi alianza kukaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea.

Mama alizitazama hedifoni zangu, zilizoning'inia shingoni kama kawaida. Zina utepe wa chuma unaong'aa.

Nikazigusa. Nikashusha mkono.

"Nakuita chakula tayari, huitiki," alisema, sasa kwa upole. "Nagonga mlango, huitiki. Nikajiuliza, mtoto huyu anasikia nini humo? Siku moja nikaweka sikio kwenye mlango wako. Nikasikia mtu anabweka. Nikasema, ahaa. Kumbe anasikia, ila mpaka upige kelele."

Akainua mabega.

"Basi nikapiga."

Nikazivua hedifoni shingoni.

"Mbona hamkuweka majina?" nikauliza.

"Una sheria yako ya ndugu, ulitusomea hapa nyumbani kwa majivuno. Nami nilitaka nijue kama unaweza kunisikia nisipokuwa mama yako." Akafuta jasho kwa ukingo wa mkono. "Kwa hiyo? Ni nzuri au si nzuri?"

"Ni namba moja, mama."

"Usinidanganye."

"Nilishaandika kabla sijajua. Hata nimeahidi kumpindua dikteta."

Kaka alipiga toazi la dramu kwa kidole, *ting*. Mama akacheka hadi akakaa juu ya boksi la spika.

Lakini mimi sikucheka njia nzima ya kurudi. Kura ya mwisho ilikuwa kesho yake. Nikikaa pembeni kama sheria inavyosema, inabaki kura ya Msumari dhidi ya Kamanda, na wakifungana mwenye ukurasa ndiye anayeamua. Namba moja inapanda ndege inakwenda ng'ambo. Mwanamke aliyefukuzwa kwaya kwa kuwa na sauti angefukuzwa tena, safari hii na binti yake.

Jumapili nikawaambia wenzangu kila kitu.

Kamanda alivua miwani. Msumari alicheka hadi karanga ikampalia, nikampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Msumeno, dada!" alisema akivuta pumzi. "Si nilikwambia? Msumeno!"

"Ulijua!" nikamnyooshea kidole. "Ulijua ni mama yangu. Ndiyo maana uliipa kura, ili uninase!"

Kicheko kikamtoka usoni.

"Ningejua ni mama yako ningeitupa chooni," akasema. "Niliipenda. Nilirudi nyumbani nikaisikiliza gizani kama mjinga. Sasa unaniambia nimempa namba moja mama yako wewe. Unafikiri nimefurahi?"

Nilimtazama sana, nikitafuta uongo. Haukuwepo. Katika hadithi hii nzima, mtu niliyemshuku zaidi ndiye pekee aliyekuwa hafichi kitu.

"Ondoa kura yako," Kamanda akaniambia taratibu. "Sheria umeiandika mwenyewe."

"Siiondoi."

"Ukiiacha kura ihesabiwe, unaacha kiti cha ujaji."

"Kiti ni chenu. Kura ni yangu."

Orodha ikatoka. Masizi, namba moja. Chini ya uchambuzi wangu niliandika wazi, nisije nikaambiwa nimeficha: mwimbaji ni mama yangu mzazi, mpiga dramu ni kaka yangu, na dikteta wa wimbo wa nne ni mimi. Nikakusanya daftari zangu na kikombe changu, nikashuka ngazi hadi kwenye matairi.

Siku hizi nakula chakula kikiwa cha moto. Mama haniiti kwa sauti ya kawaida tena, anasimama jikoni ananguruma jina langu, na majirani wameacha kuuliza. Naitika kabla hajalimaliza. Kinufiko bado kiko njiani.

Funzo? Ukiona unakesha kutafuta kelele za mbali zikutikise moyo, chungulia kwanza jikoni kwenu. Huenda kuna mtu ameshakauka koo.

Sasa nyinyi mnaojaza maoni tangu wiki iliyopita. "Umembeba mama yako." "Umeitia doa orodha." "Omba radhi kwa bendi za watu."

Nimewasoma wote. Sheria niliitunga mimi, nikaivunja mimi, na nimelipa kwa kiti changu. Sikio langu liliichagua albamu ile likiwa halijui ukoo wa mtu, na lilipojua halikubadili neno.

Radhi siombi. Si leo, si kesho, wala mkinuna mpaka orodha ya mwakani.