Mbonyeo wa Madigadi ya Kushoto

Siku ya kwanza kazini sikupewa nyundo. Nyapara Mwanzia, msimamizi wa karakana ya bodi za magari pale Changamwe, alinikabidhi kitambaa cha pamba, akanisimamisha mbele ya mlango wa gari ambao mimi niliuona umenyooka kama meza. Akaniambia nifumbe macho, niutandaze kitambaa na kupitisha kiganja juu yake.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mzee. Nimefumba macho."

"Basi rudia, mpaka mkono uone."

Nilirudia mpaka adhuhuri. Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii jueni kwamba jicho hudanganywa na mng'aro wa rangi, lakini kiganja kikiteleza juu ya kitambaa hunasa hata kijongo kidogo. Palipobonyea tulipiga nyundo kutoka ndani, nje tumeegemeza chuma kizito ili bati lisipitilize, kisha tukapaka puti kuziba vishimo vilivyobaki na kusugua kwa msasa wa maji. Gari halikutoka mpaka Nyapara alipapase mwenyewe na kusema, "Mkono umekubali." Mara nyingi alisema "Bado," akaenda zake kunywa chai. Kiswahili chake cha bara tulikicheka sana sisi watu wa Likoni. Kazi yake hatukuthubutu kuicheka.

Nyuma ya karakana palikuwa na pikapu kuukuu, imebaki ganda. Nyapara aliichukua, nasi tukamsaidia kila baada ya kazi. Alikata nguzo za paa akalishusha hadi dereva mrefu ainamishe shingo. Boneti aliitoa kabisa, injini ikakaa wazi watu waione. Nyuma akafunga magurudumu mapana na mbele membamba, gari likainama kama fahali anayetaka kupiga pembe, kisha akalipaka rangi nyekundu.

Meneja alipoiona aliuliza, "Hii ni gari ama ni wazimu?"

"Ni ya bibi yangu," Nyapara akajibu.

Hakuwa akitania. Pikapu hiyo ndiyo aliyomfundishia mkewe, Mama Ndinda, kuendesha gari, na siku ya kwanza mama wa watu akaigonga nguzo ya lango kwa madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu. Tulikimbilia nyundo. Nyapara akasema, "Iacheni." Mbonyeo ule ukakaa vivyo hivyo miaka yote, nami ulinikera kila nilipopita karibu yake.

Baadaye nilihamia yadi ya malori Miritini. Mkuu wa Yadi alipenda haraka kuliko unyoofu. "Swaleh, lori haliendi harusini!" alikuwa akinipigia kelele. Nilimvumilia, mwishowe nikafungua kibanda changu mwenyewe kule Bofu, na hapo nikafanya kazi mpaka magoti yalipokataa kuchutama. Mikono haikukubali kustaafu, nikaipa kazi ya kuunda vigari vya bati.

Mwaka jana nilikwenda kumjulia hali Nyapara. Presha ya macho ilikuwa imempofusha, Mama Ndinda alishatangulia mbele ya haki, na pikapu iliuzwa zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Macho yalienda, sikulia," aliniambia. "Lakini sasa hata ile gari inanitoka kichwani, Swaleh. Naitafuta, siipati."

Nilimwahidi kwamba, inshallah, nitamrudishia. Kila inchi kumi na sita za gari nilizifanya inchi moja. Bodi niliikata kwenye debe la mafuta ya kupikia, mabomba ya moshi nikayatoa kwenye eriali ya redio. Magurudumu alinichongea fundi mmoja wa Bombolulu, nikayavisha raba ya ndara. Paa ndilo lililonitoa jasho. Nguzo za mbele zimelala, na ukizipunguza ukalishusha paa, ncha za juu hazikutani tena na za chini. Lazima uzivute taratibu, bati lisichanike. Nilipomaliza nililipapasa gari zima kwa kitambaa. Mkono wangu ulikubali, nikajisifu.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuletea gari."

"Marahaba. Kitambaa kiko wapi?"

Aliipapasa kuanzia nyuma. Alipofika kwenye paa alicheka kwa sauti. Alipofika madigadi ya kushoto alipunguza mwendo wa kiganja. Akapita, akarudi, akapita tena.

"Bado."

"Bado nini, Mzee? Wallahi hapana hata mkwaruzo!"

"Ndiyo hiyo. Mama Ndinda hajapanda."

Roho iliniuma. Sikuwa nimeusahau mbonyeo ule. Nilidhani namfanyia hisani kuunyoosha. Nyundo sikuja nayo. Nilikishika kidole gumba chake, nikakiweka juu ya bati, na changu juu ya chake.

"Hapa?"

"Mbele kidogo. Hapo."

Tukabonyeza pamoja. Bati likalia, rangi ikapasuka, na maisha yangu yote mkono huu ulikuwa ukiondoa mibonyeo. Alitandaza tena kitambaa, akakaa na kiganja chake pale pale.

"Alilia siku ile," akasema. "Alifikiri nitamgombeza."

Kisha akasema, "Mkono umekubali."

Vijana hunitembelea wakaniuliza ni gari gani nililolinyoosha vizuri kuliko yote. Nimenyoosha mengi, na mengine yalipeleka maharusi. Lakini ninaloliota ni lile dogo jekundu, liko Changamwe kando ya kitanda cha kipofu, na kila asubuhi akiamka hulipapasa upande wa kushoto kwanza.