Nyota tatu nilizoipa hoteli ya mama wa rafiki yangu, huko Kalerwe

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu huwa nasoma tu, siandiki. Leo naandika kwa sababu kuna jambo nimeliwaza peke yangu mpaka nimechoka. Ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Niko sekondari hapa Kampala, tunakaa Kyebando. Nyumbani sisi ni Wakongo. Nina aibu sana, mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua bado nasema sijui. Kwenye diary lakini naongea balaa.

Rafiki yangu Zaituni ni Mnubi. Mama yake, tunamwita Hajati, ana hoteli ya chakula Kalerwe, pembeni ya soko. Mabenchi, masufuria makubwa ya posho, yaani ugali, na gurusa, ile mikate laini myembamba ya Wanubi.

Mwezi uliopita Zaituni akaiweka hoteli kwenye ramani ya mtandaoni. Akatuomba mimi na Derrick, tunasoma naye, tuandike review.

Derrick akapiga nyota tano palepale. Derrick hajawahi kula pale.

Mimi nimekula mara kadhaa, siku mama akinituma sokoni. Nikaandika ninachokijua: "Gurusa nzuri sana. Posho huwa imepoa, mchuzi kidogo, unamalizia posho kavu." Nyota tatu.

Sikuona ubaya. Ukiandika hakuna anayekuangalia usoni.

Asubuhi Zaituni alinisubiri getini.

"Mama yangu alikukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Sasa mbona unamharibia? Mtu akifungua simu anakutana na posho baridi. Futa."

Derrick naye: "Kwani hizo nyota unazinunua?"

Nikasema ni kweli, basi.

"Kweli gani? Mimi nakula pale kila siku, posho inatoa moshi. Usipofuta usikae na mimi tena."

Wakuu, Zaituni ndiye anayenisemea shuleni. Hata kantini ananiagizia yeye. Bila yeye mimi ni kiti tu darasani.

Ila kilichonisumbua zaidi ni ile posho inayotoa moshi. Zaituni hadanganyi, hata akikasirika. Mimi pia sikudanganya. Sasa inakuwaje posho ya sufuria moja iwe moto kwake, kwangu baridi?

Jumamosi nikaenda, nikakaa kona, nikaangalia.

Akaingia mbeba mizigo, hata hajakaa: "Hajati, nichotee ya chini, hiyo ya juu imelala." Akapewa ya chini, moto. Mama mmoja akainua sahani: "Nyongeza ya mchuzi." Akamwagiwa, bure. Kila mtu mle alikuwa anadai kitu. Wengine wanagombana kabisa, huku wanacheka, na wanaongezwa.

Dada anayegawa akanifikia. "Wewe?"

Nikanyooshea kidole posho. Akanichotea ya juu, mchuzi upawa mmoja, akapita.

Nikabaki naitazama sahani. Kumbe pale kuna chakula cha anayesema na chakula cha anayenyamaza.

Nikajikaza, nikamfuata Hajati, nikamwambia aliyeandika ni mimi. Sauti haikutoka, akasema nirudie. Nikarudia. Watu wakageuka.

"Ee, kumbe ni wewe," akasema. "Sasa mtoto, si useme? Mimi nitajuaje kama hujashiba?"

Nikamuuliza, na asiyeweza kusema je?

Akapangusa mikono, akafikiri. "Huyo anakula ya juu."

Akacheka. Na mimi nikacheka, sijui hata kwa nini.

Sikufuta. Niliongeza mstari: "Ukienda omba posho ya chini na nyongeza ya mchuzi. Wanakupa bila shida. Usipoomba hupati." Nyota nikaziacha tatu.

Derrick akasema sasa ndiyo nimeharibu kabisa. Zaituni akahamia dawati la mbele.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kantini nilikuwa nafika, naona foleni, narudi na njaa yangu.

Juzi simu ikaita. Zaituni amenitumia screenshot, bila salamu. Mtu tusiyemjua ameandika kwenye ukurasa wa hoteli: "Mimi pia siwezi kuomba mbele za watu. Nilisoma hapa nikajikaza. Nimeongezwa mchuzi. Nitarudi."

Chini yake Zaituni ameniandikia: "Kumbe mko wengi."

Kesho yake akaja na begi lake, akakaa dawati letu. Hatujaliongelea tena.

Nilichojifunza: watu wawili wanaweza kusema kweli na wasifanane. Kabla ya kuitana waongo, ulizaneni kwanza kila mmoja alikula vipi.

Ila swali langu bado lipo. Hoteli ipimwe kwa sahani ya anayejua kuomba, au ya aliyenyamaza? Derrick anataka nizifikishe tano. Mimi sijaamua.

Wapole wa humu, najua mpo mnasoma tu kama mimi. Leo niambieni, hata neno moja.