Kiraka cha Ubavuni

Wiki zangu za mwanzo kazini nilikosa usingizi kwa swali ambalo wenzangu waliliona la kitoto: tairi lililotoboka, likizibwa, linarudi kuwa zima, au linabaki bovu na ubovu wake umefichwa tu?

Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, nikapangwa karakana ya magari ya serikali hapa Tabora, enzi za Mwingereza. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, lakini mipira ilikuwa bado adimu. Siku ya kwanza Fundi Mkuu, Mzee Swedi, mtu wa mjini ambaye babu zake walitoka Omani, aliitikia shikamoo yangu, akanikabidhi karai la maji na tyubu yenye pancha. Magari ya siku hizo yalikuwa na tairi la nje, na ndani yake tyubu iliyoshika upepo. Tyubu unaijaza, unaizamisha, mapovu yanakuonyesha tundu. Unakwaruza kwa msasa, unapaka gundi, unaiacha ikauke kidogo, unabandika kiraka na kukichoma. Hilo sikulihofia. Nililohofia ni tairi la nje, ambalo halina mapovu ya kukuambia ukweli. Nikawa napasua matairi yaliyotupwa, nione nyuzi zilivyopangwa ndani ya mpira.

“Mwanangu,” Mzee Swedi aliniambia, “hilo limekwisha kufa. Hata maiti haihojiwi hivyo.”

Karakana ile ilikuwa na desturi yake: aliyeziba tairi hupanda gari safari ya kwanza, akae juu ya gurudumu lake mwenyewe. Madereva waliiamini kuliko kipimo chochote. Mimi ilinitatiza. Hofu ya kupanda ingenifanya nizibe kwa makini, sawa. Lakini uzito wangu ungeunganishaje uzi uliokatika?

Siku moja gari la dawa likaingia na tairi lililochanwa na kisiki ubavuni, upana wa kidole. Tairi la akiba lilikuwa limekwisha zamani. Dresa Yohana, mganga msaidizi wa hospitali, alitakiwa aondoke siku hiyo kupeleka chanjo ya ndui vijiji vilivyo msituni, mbele ya Usinge. Watoto walikuwa wameanza kuugua.

Mkuu wetu, Mwingereza tuliyemwita Bwana Karakana, akaniita.

“Tairi jipya hakuna. Swedi anasema atashona, ataweka pande la tairi kuukuu kwa ndani, litakwenda. Wewe umesoma. Litakwenda?”

“Naomba kwanza nilitazame likitembea, bwana.”

“Kulitazama tu?”

“Ndiyo, bwana.”

Mzee Swedi alishona vizuri, sijaona mshono wa tairi mzuri kama ule. Tukalifunga pamoja, hivyo desturi ilinitaka nami nipande. Nikachora mstari wa chaki kwenye kashata, ile sehemu yenye meno inayokanyaga ardhi, na mwingine ubavuni, kando ya mshono. Masanduku yakapakiwa. Dereva Kasimu, Mzaramo, akatoa kichwa dirishani.

“Mnyamwezi wewe! Babu yako alibeba pembe ya ndovu kwa miguu mpaka kwetu Pwani, wewe unaogopa kukaa garini?”

“Babu yangu alikagua kamba kabla ya kuinua mzigo. Endesha polepole.”

“Nitakwenda mwendo wa babu yako!”

Nikatembea kando ya gurudumu nimeinama, watu wakicheka. Chaki ya kashata ilishuka na kupanda bila kupinda. Ya ubavuni, kila ilipofika chini, ilijikunja, kisha ikanyooka. Na mshono ulifumbuka na kufumba, kama mdomo wa mtu anayetafuna taratibu.

Nimefanya kazi Kigoma, Mwanza na Dodoma mpaka kustaafu, na vijana wenye matairi yasiyo na tyubu huniuliza swali lile lile. Nawajibu: tundu liko wapi? Msumari ukiingia kwenye kashata, ukalifungua tairi, ukaona nyuzi za ndani ni nzima, ziba na uende. Ubavu haupumziki hata mzunguko mmoja.

“Haliendi,” nilimwambia Bwana Karakana siku ile.

“Mimi nimekwenda na viraka vya ubavuni mpaka Usoke, nikarudi,” alisema Mzee Swedi.

“Ulirudi, Mzee. Lakini ni kiraka kilichokurudisha, au ni njia iliyokuwa nzuri?”

Aliutazama mshono wake. “Hata mimi sijui,” alisema.

Dresa Yohana hakuridhika. “Na watoto wa huko wangoje?”

“Treni ya Kigoma inapita leo. Shuka Usinge, uchukue wapagazi.”

“Kwa miguu, msitu wote ule? Nitachelewa, kijana!”

“Utachelewa, dresa. Kwa tairi hili sijui kama utafika.”

Bwana Karakana akaagiza tairi liwekwe stoo. Nilijua maana yake: mpira ni adimu, nami zamu yangu ikiisha, mwingine angelitoa na kulifunga. Nikalishusha, nikachukua msumeno, nikalikata kupitia kwenye mshono mpaka waya wa ukingoni, unaolishika tairi kwenye rimu, ukakatika, lisiweze kufungwa tena. Bwana alisimama mlangoni, uso umemwiva. Nilipomaliza nikafunga masanduku ya chanjo kwenye baiskeli, nikaisukuma kuelekea stesheni, dresa akinifuata.