Risasi Iliyochanua

Jana jirani yangu hapa mtaani Glenwood, ugenini, aliniletea nyama ya kudu, yaani tandala, mawindo ya kaka yake. Nilipoikata, kisu kiligonga risasi iliyochanua kama ua.

Baba alikuwa mwindaji. Nyati akiletwa nyumbani, moto ulisubiri kwanza. Mama alipakata beseni, akabonyeza kila kipande cha nyama kwa vidole, akitafuta risasi isije ikatuvunja meno. Baba alichuchumaa kando yake. Risasi ikitoka nzima, ncha bado kali, alikataa kula siku hiyo. "Haikufunguka," alisema. "Mnyama aliteseka sana."

Lakini ikitoka imechanua, aliiosha kwa maji ya moto akaniwekea kiganjani, ikiwa na joto kama yai lililotoka kutagwa. "Huyu alianguka palepale, mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita. "Sasa kula."

Leo nimepika kuku wa dukani. Binti yangu ananitazama nikibonyeza kipande kimoja kimoja kabla ya kukiweka kwenye sahani yake.

"Maman, hii kuku iko na nini?"

"Haina kitu, mama. Kula."